Filamu ya Kombo na Faki: maswali mnayotuuliza mara kwa mara

Tangu tuanze kuionesha filamu hii kwenye viwanja vya shehia za Kaskazini Pemba, maswali hayakauki. Tunaulizwa barazani, tunaulizwa ndani ya gari ya Konde, tunapigiwa simu usiku na watu ambao hata hawajajitambulisha. Mengine yanarudi kila tunapokwenda. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yetu. Pale ninaposema "mimi", ni mimi niliyeiandika hadithi. Pale ninaposema "sisi", ni kundi zima. Kama hujaitazama bado na hupendi kusimuliwa mapema, ngoja kwanza uitazame.

Filamu inahusu nini?

Kombo na Faki wamekua pamoja. Walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakachapwa na mwalimu mmoja, na siku ya mchezo wa ng'ombe walikimbizwa na ng'ombe mmoja wakapanda mti mmoja. Ukubwani Kombo ni mwalimu wa madrasa. Faki ana mikarafuu aliyoirithi kwa babu yake. Msimu mmoja wa vuli Faki anaamua kuvusha magunia yake ya karafuu usiku kwa mashua badala ya kuyapeleka kwenye kituo cha kununulia karafuu, na anamchukua kijana wa jirani, Khamis, mwenye miaka 19, aende na mzigo. Kombo anawaona wakipakia. Mashua hairudi. Usiku wa tatu, baada ya sala ya Isha, Faki anagonga mlango wa Kombo na kumwambia neno moja: "Nisitiri."

Yaliyobaki yote yanatoka kwenye neno hilo.

Ni kisa cha kweli?

Hapana. Hakuna Kombo, hakuna Faki, na kijiji hatukukipa jina makusudi, ili pasiwe na mtu wa kunyooshewa kidole. Lakini kila kipande chake mtu wa Pemba amekisikia mahali.

Kwa nini karafuu? Kwa nini si wizi, au mauaji, au dawa za kulevya?

Kwa sababu kwenye mambo hayo sote tunajua nani mkosa. Kwenye karafuu hatukubaliani, na filamu ya watu wanaopishana juu ya lipi ni haki inahitaji jambo ambalo watu wema wanapishana kwelikweli.

Tazameni historia yenyewe. Mikarafuu ililetwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said ndiye aliyesukuma ipandwe kwa wingi. Mwaka 1872 kimbunga kikaivunja mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kisiwa hiki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, familia nyingi zikapewa eka tatu tatu. Mwaka 1968 likaanzishwa shirika la biashara la taifa, ZSTC, na huko ndiko karafuu zinakotakiwa kuuzwa kwa mujibu wa sheria. Kuivusha karafuu kwa njia nyengine ni magendo.

Sasa muulize mtu aliyepanda juu ya mkarafuu kwa kamba, akashusha pakacha baada ya pakacha, mkewe na watoto wakakesha wakichambua, wakaanika siku tatu nne huku macho yakiwa mawinguni. Atakwambia: huu mkarafuu kaupanda babu yangu, nani wa kuniambia nimuuzie nani? Kisha muulize jirani yake, atakwambia: barabara hii tunayopita, hospitali hii tunayozaa, pesa yake inatoka wapi kama kila mtu anavusha? Wote wawili nimewasikiliza kwenye jamvi moja, siku moja, wakichambua fungu moja. Nikajua hapa ndipo pa kuanzia.

Kwa hiyo mnatetea magendo?

La. Filamu inamwacha Faki aseme hoja yake yote bila kumkatiza, kwa sababu hoja isiyosikilizwa haijibiki. Lakini aliyekufa ni Khamis, na Khamis hakuwa na mkarafuu hata mmoja.

Kombo kamuumbua rafiki yake mahakamani. Dini si imetufundisha kusitiriana?

Swali hili ndilo linalotujia zaidi kuliko yote. Tumbe, mzee mmoja aliniuliza akiwa amenishika mkono, na hakuuachia mpaka nilipomaliza kujibu. Nitajibu kwa urefu kama nilivyomjibu yeye.

Ni kweli kabisa kwamba tumefundishwa sitara. Hadithi ya Mtume, rehma na amani zimshukie, kwamba amsitiriye Muislamu naye Mwenyezi Mungu atamsitiri, kila mtoto wa chuo anaijua. Faki naye anaijua, na ndiyo anayoishika. Yeye hamdanganyi Kombo, anamkumbusha alichosomeshwa.

Lakini walimu wetu hao hao walitusomesha pia kwamba sitara ni kwa aibu iliyo baina ya mja na Mola wake. Mtu kakosea, kajificha, hakumdhuru mtu: mfunike. Pale ambapo ndani ya siri ile mna haki ya mtu wa tatu, mambo hubadilika. Suratul Baqara, aya ya 283, inakataza kuuficha ushahidi, na inamwita mwenye kuuficha kuwa ni mwenye dhambi moyoni. Suratun Nisaa, aya ya 135, inataka tusimame na uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Aya haikusema "isipokuwa rafiki".

Halafu ipo ile hadithi ambayo Kombo anawasomesha watoto mwanzoni kabisa mwa filamu, na wengi inawapita kwa sababu watoto wanaitikia kwa kelele: msaidie ndugu yako, awe dhalimu au aliyedhulumiwa. Masahaba wakauliza, huyu aliyedhulumiwa tunamjua, dhalimu tutamsaidiaje? Jibu likawa: kwa kumzuia asidhulumu. Nimeiweka pale mwanzo kwa makusudi. Kombo anaifundisha kwa miaka kumi kabla haijamfika yeye.

Mzee wa Tumbe akaniuliza tena: basi kwa nini hakwenda siku ile ile? Kwa nini alingoja siku kumi na moja? Hapo sikuwa na aya. Nikamwambia ukweli, kwamba niliwahi kunyamaza mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka 22, rafiki yangu alizila pesa za watu waliomwamini, akaniomba nisiseme, nikasema nampenda, nikanyamaza. Waliopoteza pesa zile walikuwa wananisalimia njiani, na mmoja wao alikuwa akiniita mwanangu. Zile siku kumi na moja za Kombo ni zangu, nilizipunguza tu. Kwangu ilikuwa miaka miwili.

Mbona wazee waliokuja na suluhu mmewaonesha kama watu wabaya?

Hatukuwaonesha hivyo, na naomba sana muitazame tena sehemu ile. Wazee wale wanakuja kwa nia safi. Wanajua kesi itachukua miezi, wanajua wanakijiji watagawanyika misikitini na kwenye harusi, wanajua mama wa Khamis ni mjane na atakula nini. Suluhu ni jambo tukufu, na vijiji vyetu vimesimama kwa suluhu. Bila ya wazee kama hawa tungekuwa tunashitakiana kwa kila kuku aliyeingia shamba la mtu.

Kosa lao ni moja. Wanataka kusuluhisha kabla ukweli haujasemwa. Wanamletea Bi Mize, mama yake Khamis, pesa zimefungwa kwenye leso, wanaziita rambirambi, na hakuna anayemwambia ni za nini hasa, wala zimetoka kwa nani.

Bi Mize hazihesabu. Anaisukuma leso chini ya ukingo wa mkeka, anawatazama mmoja mmoja, anauliza: "Mwanangu siku ile alikula nini?"

Wazee hawajui. Faki hajui. Kombo, aliyekaa karibu na mlango, anajua, kwa sababu Khamis alikula kwake: muhogo wa nazi na papa, na akaomba aongezewe. Kombo hawezi kujibu bila ya kusema kila kitu. Ile ndiyo dakika filamu yote inapopinduka, na hakuna aliyepandisha sauti. Bibi aliyeigiza nafasi ile tulimpa mistari minne zaidi. Siku ya kupiga picha akaikataa, akasema mama aliyefiwa hasemi maneno mengi. Alikuwa sahihi, tukaifuta.

Halbadiri ile ilisomwa au haikusomwa?

Haikusomwa. Bi Mize anakwenda kuiomba, kama ambavyo watu wengi kwetu wamefanya wakikosa njia nyengine: yatajwe majina ya watu wa Badri, 313, na aliyemdhulumu apatikane. Sheikh anamkatalia kwa upole, na anamwambia kwamba dua ni yake wakati wowote, lakini asitake kumwangamiza mtu asiyemjua.

Tulijua fika kwamba masheikh wenyewe wanahitilafiana juu ya jambo hili. Hatukutaka kutoa fatwa kwa kamera. Tulilotaka lionekane ni kwamba habari ile tu, kwamba mama Khamis kaenda kuomba Halbadiri, inatosha kumkosesha Faki usingizi. Tazama anavyokiweka kikombe cha chai chini bila ya kunywa. Faki haogopi polisi hata kidogo mpaka sasa. Hili analiogopa.

Kwa nini kesi haikupelekwa kwa kadhi?

Watazamaji wa bara ndio wanaouliza zaidi, ingawa hata huku kwetu wapo. Mahakama ya Kadhi Zanzibar inasikiliza mambo ya Waislamu ya ndoa, talaka, matunzo, mirathi na wakfu. Kesi ya jinai haiendi huko, inakwenda kwenye mahakama za kawaida. Ndiyo maana Kombo anaapa akiwa ameshika msahafu mbele ya hakimu wa Serikali. Kwenye mkono ule mmoja zinakutana sheria mbili ambazo kijiji kizima kilikuwa kinadai zinapingana. Kamera ilikaa pale kwenye vidole vyake kwa muda ambao mhariri wetu aliuona mrefu mno. Tuliuacha.

Na wanaouliza kama sheria ingemruhusu Kombo kukaa kimya kwa kuwa ni rafiki: haina kinga hiyo. Urafiki kwa sheria si kitu. Ni kitu kwa watu tu, na ndiyo tabu yenyewe.

Sheha mbona mwoga?

Sheha, anayeisimamia shehia kwa niaba ya Serikali, si mwoga, yuko katikati. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, kwa hiyo juu wanamtaka awe jicho la Serikali; anaishi na watu, kwa hiyo chini wanamtaka awe mzazi. Usiku Faki anamwita ami, asubuhi afisa anamwita ofisini. Muigizaji wetu alikwenda kukaa na masheha kabla ya kazi ili aone wanavyopokea watu, na alirudi akiniambia kitu kimoja: hawafungi mlango.

Kwa nini hukumu haioneshwi?

Kwa sababu mkishaisikia hukumu mtatoka mkijadili miaka, mitano ni mingi, miwili ni midogo. Tumewasikia watu wakifanya hivyo kwenye filamu nyengine. Sisi tulitaka mtoke mkijadili Kombo.

Wengine hawakuridhika na jibu hili na wametuambia wazi. Tunawaelewa.

Mbona hatukuiona mashua ikizama?

Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, ikazama MV Skagit ikitokea Dar es Salaam. Kwenye kiwanja chochote cha Pemba tutakapotandika pazia letu, kuna mtu amekaa pale aliyezika, au aliyekosa hata wa kumzika. Hatuwezi kumwonesha mtu huyo maji yakimfunika kijana, eti ili filamu iwe na msisimko.

Kwa hiyo mnaona mashua ikiondoka gizani, mnaona mnara wa taa wa Ras Kigomasha kwa mbali, kisha mnaona asubuhi. Maji ya mkondo baina yetu na bara ni ya kina kikubwa na yanavuta kuelekea kaskazini. Wavuvi wanajua, na watazamaji wetu wanajua kuliko sisi. Ndara moja iliyoletwa na mtoto ilitosha. Micheweni, ilipotokea ndara ile, uwanja mzima ulinyamaza, hata watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya jenereta.

Lugha mliyotumia ni Kipemba. Watu wa bara wataelewa?

Wataelewa, na pale watakapokwama yapo maandishi chini ya picha kwa Kiswahili cha kawaida. Tulishauriwa na watu wengi tuigize kwa Kiswahili cha redioni ili soko liwe kubwa. Tulijaribu siku moja. Kombo na Faki wakawa kama makarani wawili wanaojuana ofisini.

Neno moja tu linatosha kueleza. Wanapoongea, wanaitana "yakhe". Sisi tunalisema kutwa bila kufikiri, lakini asili yake ni Kiarabu, "ewe ndugu yangu". Kombo anamwita Faki yakhe mara nyingi sana kabla ya mashua kuondoka. Baada ya hapo hamwiti hivyo tena mpaka mwisho kabisa. Hatukumwambia mtu yeyote, na msichana wa skuli Wete aligundua peke yake.

Waigizaji ni kina nani?

Ni watu wa vikundi vya maigizo vya hapa hapa, mwalimu mmoja, na wachumaji karafuu wa kweli kwenye sehemu za shamba. Majina yao yamo mwishoni mwa filamu. Wawili waliomba yasitajwe, na tumewaheshimu.

Mlipata kibali?

Ndiyo. Mswada na filamu vyote vilipita BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Anayetaka kutengeneza filamu Zanzibar aanze huko kabla ya kukodi kamera.

Tutaitazama wapi?

Kwa sasa ni viwanjani, kwa projekta, pazia na jenereta. Majumba ya sinema ambayo wazee wetu waliyajua Unguja, Majestic, Empire, Cine Afrique, siku zake zilipita. Mama yangu bado anasimulia filamu za Kihindi za marafiki wawili waliotenganishwa na haki, na jinsi watu walivyorudi nyumbani wakigombana njia nzima juu ya nani alikuwa na kosa. Ugomvi ule ndio ninaoutafuta.

Tumeulizwa sana juu ya ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar. Tamasha lile, linalofanyika Ngome Kongwe tangu 1998, limefungua milango kwa wengi, na tungependa kufika. Lakini tuliahidi filamu itazunguka Pemba kwanza, kijiji kwa kijiji, na tutamaliza hilo.

Ukitaka ije kwenu, zungumza na sheha wako, naye atatufikishia. Hatutozi kiingilio. Tunachoomba ni mafuta ya jenereta na mahali pa wanawake na watoto kukaa wakaona vizuri. Mara ya kwanza tuliwaweka nyuma na ilikuwa makosa yetu.

Faki alimsamehe Kombo?

Hasemi. Yuko rumande, na ni msimu. Karafuu zake ziko juu ya miti zimeshaiva, mkewe hana wa kumchumia, na ndugu wa mume wamejitenga kwa aibu. Anayekuja alfajiri na kamba begani ni Kombo. Anachuma siku nane. Hapokei ujira, wala hapewi hata maji ya kunywa, kwa sababu mke wa Faki hataki kumwona.

Siku ya tisa karafuu zimeanikwa uwanjani, mvua inakuja. Jamvi la karafuu mtu mmoja halikunji haraka, litamwaga. Kombo amelishika upande mmoja anahangaika. Mke wa Faki anasimama mlangoni muda mrefu. Kisha anatoka, anashika upande wa pili, wanakunja pamoja, wanaingiza ndani. Hawasemeshani. Kombo akiwa anaondoka chini ya mvua, anasema kwa sauti ndogo, akiwa peke yake, kama anayemjibu mtu: "Zimeingia ndani, yakhe."

Zile karafuu zililowa?

Aliyeuliza ni mtoto wa miaka saba, Konde, na tangu hapo tumeulizwa na wakubwa pia. Hazikulowa. Matone machache yalipiga upande wa mlangoni, tukazitenga zile, tukazianika upya siku ya pili lilipotoka jua. Zilikuwa karafuu za kweli, mwenyewe alituazima kwa kazi ya siku moja, na Jumatatu akazipeleka kituoni.